Nyumba Ile Ina Kizuka: maneno niliyowaambia vijana wanaotembeza wageni Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Aliyenialika alinitaka nije niseme machache juu ya matembezi ya usiku, yale ya kusimulia mizimu na majini ya Mji Mkongwe, kwa kuwa wageni siku hizi wanayaulizia na nyie ndio mnaoyaongoza. Nikamwuliza, "Mizimu ipi?" Akacheka. "Bi mkubwa, we njoo tu, mizimu utaikuta." Basi nimekuja. Kwanza naomba mikono: nani hapa ameshatembeza wageni usiku kwa hadithi za kutisha? Naona mikono saba. Na mmoja kule nyuma umepanda nusu ukarudi chini. Mwenye mkono huo nakuomba usiondoke mapema.

Nianze na kisa cha Kiponda. Kijana mmoja wa kazi yetu, simtaji, na kampuni iliyomwajiri siitaji, alikuwa na wageni wanane, saa nne usiku. Vichochoro vya kule mnavijua, nyumba zimesogeleana hadi mtu akikohoa chumbani kwake, wa ng'ambo ya pili anamwambia pole. Kijana hadithi zilikuwa zimemwishia na muda bado upo. Akawaona watoto wamekaa barazani, akawauliza, nyie, mtaa huu una mambo gani? Mtoto mmoja akanyoosha kidole. "Nyumba ile ina kizuka."

Waunguja mmeshacheka. Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mumewe, yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, haonani na wanaume ajinabi. Mtoto alisema kweli tupu. Lakini yule kijana ni mtu wa bara, na kizuka alichokijua yeye ni kile kiumbe kinachomtokea mtu gizani kikamtoa roho. Kamusi inazo maana zote mbili, na yeye alikuwa na moja. Akawageukia wageni, akashusha sauti, akawaambia kuwa nyuma ya dirisha lile la juu kuna mwanamke ambaye si wa dunia hii.

Simu nane zikapanda juu na taa zake. Mgeni mmoja akaita, kwa lugha yake, mzimu utoke. Nyuma ya dirisha lile alikuwepo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwezi wa tatu wa eda yake, amekaa juu ya mkeka. Aliyetoka alikuwa mama yake, na alitoka na ndoo. Sitaeleza alichofanya na ndoo ile. Itoshe kuwa wageni wanne walirudi hotelini wamelowa.

Kesho yake sheha, kiongozi wa mtaa, akanipigia simu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na naweza kuingia ndani kuomba radhi. Nikaenda. Nyumba inanukia udi, kimya. Yule dada hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Wamenipiga picha?" Nikasema ndiyo. La pili: "Chini yake wataandika nini?"

Nimekaa na swali hilo la pili kwa muda mrefu, na ndilo lililonileta hapa leo. Mnapomsimamisha mgeni mbele ya ukuta wa mji huu usiku, mnaandika maneno chini ya picha ya mtu. Mara nyingine mtu huyo alikufa miaka mia na hamsini iliyopita. Mara nyingine yuko hai, amekaa juu ya mkeka, anawasikia.

Tuanze na maneno yenyewe. Mgeni anakuja na neno moja, na maana yake ni mtu aliyekufa akakataa kuondoka. Sisi akiba yetu ni kubwa. Tuna mzimu, ambao una pahala pake maalumu, pango au mbuyu au kisima, na watu huupelekea ubani. Tuna koma, roho za wazee waliotangulia. Tuna jini, ambaye hakupata kuwa binadamu hata siku moja, ameumbwa kwa moto na ana dini yake na watoto wake. Tuna chunusi anayevuta waogaji chini ya maji, na kinyamkera anayekuja na kimbunga cha vumbi. Halafu tuna hawa wanaompanda mtu kichwani, nao wana asili zao kama sisi: ruhani anataka udi na marashi, rubamba ni wa Pemba, kibuki katoka Bukini, yaani Madagaska, na anataka brandi. Kibuki akishapanda, chupa itatafutwa, hata kama mwenye kichwa hajagusa kilevi tangu azaliwe.

Sasa mwite kibuki mfu aliyepotea njia, uone kama wenyewe watakuelewa. Hawa wanajulikana kwa majina, wana madai, wana ngoma zao, na kuna familia zinazoishi nao kama mnavyoishi nyie na mpangaji wa chumba cha nyuma. Ndiyo maana nasema, na hapa sina mzaha: msimpeleke mgeni kwenye ngoma ya pepo kwa sababu amelipa. Aliyealikwa na wenyewe ataalikwa. Yule anayetetemeka pale chini ni mgonjwa wa mtu.

Haya, na mimi nikiri langu. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilikuwa nikipeleka wageni Changuu, kisiwa cha kobe. Wageni wanakiita Kisiwa cha Gereza. Mimi nikiwa kijana, bahashishi nikiitaka, nikatunga. Nikawasimamisha kwenye ile milango ya zamani nikawaambia kuwa usiku wa mwezi mchanga wavuvi husikia minyororo ya wafungwa na vilio vyao. Wageni wakasisimkwa. Mwanamke mmoja wa Kijerumani akalia, na mimi nikalipwa vizuri. Tukiwa tunarudi, nahodha wa mashua, mzee wa makamo, akaniambia taratibu, bila kunitazama: "Mwanangu, gereza lile hakufungwa mtu."

Na ni kweli. Jenerali Lloyd Mathews alilijenga gereza lile miaka ya 1893 na 1894, likakamilika, na wafungwa hawakupelekwa. Waliowekwa pale walikuwa abiria wa meli, kwenye karantini, kwa hofu ya maradhi. Kwa hiyo mimi nimewasimulia watu vilio vya wafungwa wasiokuwepo, na wale waliokuwepo kweli, waliotoka safari ndefu wakatupwa kisiwani kungoja kuona nani ataugua, sikuwataja hata kwa neno moja. Hapo ndipo uongo wangu ulipokuwa mbaya. Mzimu wa kutunga una tabia ya kukalia kiti cha mfu wa kweli.

Nitoke kidogo hapa. Nilipata kufika Edinburgh, Scotland, ambako biashara hii imekomaa. Kila jioni wanajitokeza watu wa majoho meusi na taa mikononi, wanakupitisha kwenye vyumba vya mawe chini ya South Bridge, wanakupeleka makaburini Greyfriars. Mengi ni mchezo wa kuigiza, na baridi ile peke yake inatosha kumtisha Mzanzibari. Lakini mwongozaji mmoja alinifundisha kitu. Alikuwa akisimulia habari za Burke na Hare, ambao mwaka 1828 waliua watu 16 mjini pale na kuuza maiti zao kwa Daktari Robert Knox, mwalimu wa upasuaji. Hakupiga kelele. Alitaja bei. Maiti ya kwanza, ya mzee aliyejifia mwenyewe kwa maradhi akiwa na deni la pango, waliiuza pauni 7 na shilingi 10. Kisha akanyamaza. Kundi zima likaona kama limemwagiwa maji ya baridi, na hakuna mzimu aliyetajwa. Tulijua nani alikuwa maskini, nani alikuwa mnunuzi, na nani hakuuliza maswali.

Nikajiambia, kumbe. Hiyo ndiyo kazi.

Sasa rudini nami Shangani, kwenye Mambo Msiige. Jina lenyewe limekaa kama onyo: mambo haya msiyaige. Nyumba ilijengwa katikati ya karne ya 19 na Mwarabu tajiri, baadaye Waingereza wakaitumia kwa ubalozi wao, ikawa hospitali, ikawa ofisi za serikali, na leo ni sehemu ya hoteli ambayo mimi na nyie tunaijua zaidi kwa nje. Hadithi yake mmeisikia wote. Wanasema chokaa yake ilichanganywa na maelfu ya mayai, na kwamba ndani ya kuta walifukiwa watumwa wakiwa hai ili nyumba isimame imara. Hadithi kama hiyo utaisikia na kwa nyumba nyingine kubwa za pwani.

Nimeona mwongozaji mmoja akiisimulia kwa kubisha ukuta: ngo, ngo, ngo, "mnawasikia?" Wageni wanaruka. Mwingine nimemwona akiipuuza kabisa, anasema ni upuuzi wa watu wasiosoma, anaendelea na habari za milango. Wote wawili wameipoteza.

Mimi naichukulia hivi. Yule aliyevunja matumbawe, aliyeyachoma tanuuni, aliyeiponda chokaa siku baada ya siku, aliyebeba boriti za mikoko kutoka majahazini, hakuwa na pahala pa kumshtaki bwana wake. Hakuandika kitabu. Jina lake halimo kwenye hati ya nyumba. Kilichobaki kwake ni kauli moja iliyopita barazani, mdomo kwa mdomo: ndani ya ukuta ule kuna watu. Ukienda na nyundo kutafuta mifupa umeielewa vibaya. Na ukisema hakuna kitu ndani ya ukuta ule, umeielewa vibaya zaidi. Hadithi nyingi za mizimu ya mji huu ni mashtaka yaliyokosa mahakama, na nyie mkizisimulia mnakuwa makarani wa mahakama hiyo, mpende msipende.

Kwa hiyo nikifika pale huwaambia wageni: hivi ndivyo wanavyosema watu. Halafu nawauliza, nyumba kubwa kama hii, mnadhani nani alibeba? Nawaacha wajibu wenyewe. Wengine hunyamaza mpaka tunafika Forodhani.

Na tukifika Forodhani kuna jambo linalonikera, nitalisema. Mmekuwa mkisimama mbele ya bahari, mkisimulia vita vya tarehe 27 Agosti 1896 kama kichekesho. Vita vifupi kuliko vyote duniani! Mgeni anacheka, anapiga picha, anauliza kama watu walipata hata nafasi ya kunywa chai. Ngojeni. Sultani Hamad bin Thuwaini amefariki tarehe 25, Khalid bin Barghash amejitangaza sultani na kujifungia ndani ya kasri, Waingereza wanampa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Dakika arobaini hivi baadaye, watu kama 500 upande wa kasri walikuwa wameuawa au kujeruhiwa: askari, watumishi, watumwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Gawanyeni 500 kwa dakika arobaini mnipe jibu.

Halafu mwongozaji huyo huyo, akishamaliza kuchekesha kwa watu 500, anatembea hatua hamsini, anashusha sauti, anamtisha mgeni kwa jini wa Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Bwana we! Wafu halisi umewafanyia mzaha, na asiyekuwepo unamheshimu kwa mnong'ono. Kama sauti ni ya kushushwa, ishusheni pale.

Mkunazini nako nitagusa, kwa sababu ndiko tunakoharibu zaidi. Soko la watumwa la pale lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash ametia saini mkataba kwa kulazimishwa na Waingereza. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile, amezikwa nyuma ya madhabahu, na madhabahu yanasemwa kuwa yako pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs, watu watano ndani ya shimo, shingoni wana minyororo. Yote haya yanatosha. Mtu mwenye moyo haongezewi kitu.

Lakini kuna vile vyumba vya chini, karibu na kanisa, ambako tunawainamisha wageni na kuwaambia kuwa hapa walirundikwa watumwa kabla ya mnada. Jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na wamisionari kwa ajili ya hospitali, baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wa hapa hapa kwetu wanaosema kuwa vyumba vile ni vya jengo hilo, vilikuwa stoo. Najua mnaninunia. Chumba kinalipa. Mgeni akiinama mle akatoka na jasho, anahisi ameona. Mimi sijawaambia mwache kuingia. Nimesema mweleze na hilo, kwa sentensi moja. Siku mgeni atakapolisoma mwenyewe akiwa kwao, atadhani na soko lenyewe tulilitunga, na hapo tutakuwa tumewafuta watu waliouzwa kweli, kwa mikono yetu, kwa tamaa ya kutisha. Anayetaka kuona palipochimbwa kwa ajili ya kuficha watu baada ya 1873, ampeleke mgeni Mangapwani, kwenye lile shimo lililojengwa karibu na pwani. Kule mwendo wa gari ni mrefu, ndiyo maana hampendi.

Sasa ipo hadithi moja ambayo mimi siisimulii usiku, kwa malipo yoyote. Wengine hapa mlikuwa bado hamjazaliwa. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 25. Habari zilianza Pemba, mwezi wa Ramadhani, zikavuka bahari kuja Unguja: Popobawa, lile pepo la mbawa za popo linalosemwa kuwavamia watu usiku, amerudi. Nasema amerudi kwa kuwa wazee walimkumbuka tangu miaka ya sitini. Yaliyosemwa kuwa anawafanyia watu usiku mnayajua, sina haja ya kuyataja mbele ya wakubwa. Watu waliacha vyumba vyao. Tulilala nje, barazani, uani, familia tatu nne pamoja, moto unawashwa, wanaume wanabadilishana zamu. Nakumbuka shuka la mama yangu, na harufu ya moshi, na jinsi popo wa kawaida akipita tu juu ya paa mtaa mzima unavyopiga ukelele.

Siku moja watu walimkamata mwanamume mmoja hapa mjini. Wakasema ndiye. Wakamwua. Alikuwa mgonjwa wa akili, mtu wa bara aliyekuja kutafuta matibabu.

Basi. Kila ninapoona fulana yenye picha ya Popobawa, jicho moja na mbawa, au mwongozaji anamwiga kwa khanga mgongoni ili wageni wacheke, namkumbuka yule mgonjwa. Hadithi ya kutisha ina mikono. Mwaka ule wa 1995 ndio pia tulikuwa tunaelekea kwenye uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, kila mtu anamwogopa jirani yake, na wapo waliosema tangu siku zile kuwa hofu ile haikuwa ya popo. Mimi nawaachia nyie.

Wafu wa Mapinduzi ya 1964 sitawazungumza sana. Nitasema tu kuwa katika miaka yangu yote sijasikia mwongozaji hata mmoja akisimulia mzimu wa Januari 1964. Waliokufa walikuwa wengi, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilibaki bila wenyewe, zikaingiwa na watu wengine, nyingine zikaachwa mpaka zikaanguka. Lakini mizimu yetu yote ni ya masultani na watumwa. Mji huwa unajua ni wafu gani bado wana watoto barazani.

Hapa mbele kuna kijana ameninyooshea mkono tangu zamani. Sema mwanangu.

Ananiuliza kama mimi mwenyewe naamini.

Jibu langu: magofu ya Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844, silali peke yangu hata unipe nini. Hilo ni imani au ni woga, pima mwenyewe. James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimba magofu ya Gede kule Kenya kuanzia 1948, Mwingereza, mtu wa vipimo na vigae, aliandika kuwa mwanzoni alihisi kama kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, si adui wala rafiki, kinangoja tu. Hakukipa jina. Namheshimu kwa hilo. Mgeni akikuuliza kama unaamini, mwambie ulichokiona na alichokuambia bibi yako, na utofautishe viwili hivyo. Hatakudai zaidi.

Ila kuna sauti za usiku ambazo mnapaswa kuzijua asili yake, maana nimesikia mambo ya ajabu. Nyumba zetu ni za matumbawe na udongo, zimefungwa kwa chokaa, na dari zimebebwa na boriti. Chokaa inapumua: inanyonya unyevu wa bahari na kuutoa. Boriti zikipoa baada ya joto la mchana zinalia, kak, kak, kama mtu anayepanda ngazi kwa nyayo tupu. Ndani ya dari mna popo na panya, na upepo wa kaskazi ukipita kwenye kichochoro chembamba unapiga mbinja. Hizo zote ni afya ya nyumba. Nyumba ya kuogopa ni ile iliyonyamaza, iliyopigwa plasta ya saruji juu ya chokaa. Saruji inaufungia unyevu ndani, ukuta unaoza taratibu kama jino, na boriti zinaliwa vichwani zilikoingia ukutani. Siku moja mvua ya masika inamaliza kazi.

Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Barghash mwaka 1883, inayosemwa kuwa ya kwanza Zanzibar kuwa na umeme na ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti, ilianguka upande tarehe 25 Desemba 2020, mchana kweupe, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walikufa. Sijasikia mtu akiwasimulia hao wawili kwenye matembezi ya usiku. Kwa hiyo mkitafuta kitu cha kuogopa huku mjini, ogopeni kuta. Msiwasimamishe wageni chini ya roshani iliyopasuka kwa sababu eti hapo ndipo penye giza zuri.

Nyumba ya Tippu Tip je? Mnaniuliza kila mwaka. Hamed bin Muhammed, ndilo jina lake halisi, alifariki mwaka 1905, na tangu hapo nyumba ile imepata watu wengine wengi kuliko yeye. Mle mna wakaazi. Wana watoto wa skuli, wana nguo kambani, wana masufuria motoni. Mtu aliyefanya biashara ya watu, mkataka kumtafuta usiku, atapatikana zaidi Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walikochukuliwa hao watu. Mlangoni pake simulieni mchana, kutoka nje, na mkishamaliza msalimieni mama anayefagia.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Mjulisheni sheha kabla. Wageni wasizidi kumi. Saa nne usiku muwe mmeshatoka kwenye vichochoro vya watu. Mwezi wa Ramadhani msiwakatize watu wanaotoka tarawehe. Taa za simu ziangalie chini, kwenye miguu. Na bahashishi, jamani, naijua. Najua mgeni aliyetishwa hulipa kuliko mgeni aliyefikirishwa. Nimelea watoto watatu kwa kazi hii, siwezi kuwadanganya kuwa ukweli unalipa papo hapo. Unalipa pole pole, kwa wageni wanaorudi na wanaowatuma wenzao, na kuna miezi haulipi kabisa.

Yule kijana wa Kiponda bado yuko kazini. Eda ilipokwisha, yule dada alinipigia akataka aje. Akaja, amebeba sukari kilo mbili na uso umemvimba kwa aibu. Wakamkalisha barazani, wakampa kahawa, na dada akamsahihisha kizuka kwa maana zake zote, moja baada ya nyingine, kama mwalimu wa skuli. Kisha akamweleza habari za marehemu mumewe, alikuwa fundi wa milango. Ile nakshi ya mlango wa nyumba ya pili, kijana alikuwa akiwaambia wageni ni ya miaka mia mbili. Mume wake ndiye aliyeichonga, miaka sita nyuma. Sasa kijana huwasimamisha wageni pale na kuwatajia fundi kwa jina lake, na dada ameridhia.

Na wewe wa mkono wa nusu, bado uko? Vizuri. Usiku huu tutatembea sote, nyie mkiwa wageni na mimi mwongozaji. Tukutane Mkunazini baada ya Isha, viatu vya kufunga, maji ya kunywa. Tutapita Hurumzi, tutashuka Kiponda, tutamalizia Forodhani kwa urojo, na kila mtu atajilipia. Tukifika Kiponda taa zizimwe na sauti zishuke. Mama yake bado yupo, na ndoo inakaa pale pale, nyuma ya mlango.